Kipepeo wa njano mwezi Machi huku Reading: nimwandike vipi, na kwa jina la nani?

MwanaPangani, 10 Machi 2025

Habari zenu ndugu, na Ramadhani njema kwa mliofunga. Nina swali ambalo najua wapo watakaocheka, ila humu hakosekani mjuzi.

Nafanya kazi kwenye nyumba ya wazee hapa Reading, Uingereza. Kati ya ninaowahudumia yupo bibi mmoja Mwingereza, mwalimu mstaafu, ambaye tangu ujana wake alikuwa akiandika kila mwaka tarehe aliyomwona kipepeo wa kwanza. Madaftari yake yamo kwenye droo pembeni ya kitanda. Siku hizi hanyanyuki, na macho yake yanaishia dirishani. Tangu Februari nikiingia zamu, hata hatujasalimiana, ananiuliza, "Umemwona?" Mwanzo nilikuwa namjibu bado bibi, meza dawa kwanza. Baadaye nikaanza kuangalia kweli.

Basi jana Jumapili jua liliwaka, watu wametoka na fulana. Nikatumia mapumziko yangu kupita njia ya kando ya mto Kennet. Akapita kipepeo wa njano, njano tupu, anafuata ua wa miti moja kwa moja, hatui. Nikatoa simu, nikapata picha safi kabisa ya majani. Yeye hayumo.

Narudi kazini, nakuta sebuleni kuna mwingine. Huyu ni mwekundu wa kutu, kila bawa lina duara kama jicho, na anajigonga kwenye kioo cha dirisha. Mwenzangu wa zamu ameshashika kopo la dawa ya wadudu. Nikamfunika kipepeo kwa glasi na kipande cha karatasi, nikamtoa nje.

Sasa naombeni mnisaidie. Hawa ni kina nani? Huyu wa ndani anahesabika, au wa njano ndiye wa kwanza? Bibi anasema zamani alikuwa akituma kadi kwa posta, siku hizi watu wanapeleka wapi? Na linalonisumbua zaidi: niandike jina langu au lake? Daftari ni lake, macho ni yangu. Halafu niliwahi kusikia kuna vipepeo wanaokuja Uingereza kutoka Afrika. Isije ikawa namkimbiza mtu wa nyumbani.


Boda_Coventry, 10 Machi 2025

Dada, sisi tunatafuta masaa ya ziada, nyie mnatafuta vipepeo 😂 Reading kuna raha.


MwanaPangani, 10 Machi 2025

Ndiyo maana nilitanguliza kusema mtacheka. Haya cheka, ukimaliza nisaidie kusukuma uzi upande juu.


BabuWaNorwich, 10 Machi 2025

Binti yangu wa Pangani, swali lako nimelikuta nimeshafuturu na tumbo limetulia, kwa hiyo vumilia, nitaandika marefu.

Mimi ni Mpemba wa Wete. Nimeendesha basi hapa Norwich mpaka nikastaafu. Vipepeo nilianza kuwafuata kwenye kituo cha mwisho cha njia yangu. Ratiba pale inakutaka usimame dakika kadhaa, na ng'ambo ya barabara kuna kichaka kinachopigwa na jua la asubuhi. Madereva wenzangu walikuwa wakivuta sigara. Mimi nilikuwa natazama kichaka.

Wa njano hata bila ya picha namjua. Mwezi wa Machi, kusini mwa Uingereza, mkubwa kiasi, njano isiyokuwa na baka jeusi, anafuata ua wa miti wala hatui: huyo ni Gonepteryx rhamni, wenyewe wanamwita Brimstone. Na huyo wako ni dume. Madume hutangulia kutoka, wakapita kando ya vichaka kutwa nzima kuwatafuta majike. Jike ni mweupe wenye ukijani hafifu, na watu wengi humdhania yule mweupe wa kabichi. Ukibahatika kumkuta ametua, tazama ncha ya bawa, imechongoka. Na katikati ya kila bawa kuna kidoa cha rangi ya chungwa. Jambo jengine, akitua hufunga mabawa. Ukimwona kipepeo wa njano amejitandaza juani mabawa wazi, tafuta jina jengine.

Wa sebuleni ni Peacock, Aglais io. Mabawa yake kwa chini ni meusi tititi, ndiyo maana hamkumwona ukutani miezi yote hiyo. Aliingia tangu mwisho wa kiangazi akalala humo humo ndani. Ukimshtua husugua mabawa yakatoa sauti ya kufoka, panya wakaogopa. Kumtoa nje jana umefanya vyema kwa kuwa siku ilikuwa na joto na maua yapo. Lakini ingekuwa Januari ningekwambia usimtoe. Unamtia kwenye boksi la karatasi, unaliweka pahala pa baridi nusu saa atulie, kisha unamhamishia kwenye banda lisilokuwa na hita, penye upenyo wa kutokea majira yakibadilika. Ukimwacha kwenye chumba cha joto anachoma akiba aliyonayo mwilini na nje hakuna cha kunywa. Na huyo mwenzako mwambie kopo lake alirudishe kabatini.

Sasa hapa ndipo ninapoachana na watu wengi. Wa kwanza, lakini wa kwanza wa nini? Hawa wa Machi wengi wao ni wazee. Brimstone, Peacock, Small Tortoiseshell na Comma hupitisha baridi wakiwa vipepeo kamili, mabawa na kila kitu, wamejificha. Huyo dume wako alitoka kwenye pupa, lile gamba ambamo kiwavi hugeuka kipepeo, mwaka jana, Julai au Agosti huko, akalala ndani ya ule mmea wa kutambaa ukutani ambao haupukutishi majani, au ndani ya mti wa holly. Akifika Juni atakuwa anakaribia mwaka mzima, na vipepeo wengi umri wao ni wiki chache tu. Watu kama hao siku ya jua hutoka hata mwezi wa pili. Kwa hiyo ukimwona amekwambia jambo moja, kwamba leo kuna joto. Kuwa baridi imekwisha hajakwambia. Kesho barafu ikirudi na yeye hurudi kulala, na wewe umeshatangaza kijiji kizima.

Wa kwanza wa haki, kwangu mimi, ni yule aliyevunja pupa mwaka huu huu. Orange-tip, Anthocharis cardamines. Huyo amekaa ndani ya pupa tangu kiangazi cha mwaka jana, kashikilia kijiti, mvua yake na theluji yake, na hutoka mwezi wa Aprili. Mwaka wa joto huko kwenu kusini anaweza kutangulia kidogo. Dume ni mweupe, na nusu ya bawa la mbele ni rangi ya chungwa, hata mimi na miwani yangu namwona toka upande wa pili wa mfereji. Yeye akitokea, majira yamegeuka. Holly Blue naye hutoka kwenye pupa mwezi huo huo. Ndiyo maana daftari langu lina kurasa mbili, walioamka na waliozaliwa, na kila mwaka nazijaza mbali mbali. Mke wangu anasema naendesha ofisi ya vizazi na vifo.

Kuandika. Rekodi ni mambo manne: nini, wapi, lini, nani. Likikosa moja hiyo ni hadithi. Kwenye "nini" usibahatishe. Ukiona mweupe anapita mbali, andika mweupe hakutambulika, hapana aibu. Kwenye "wapi" ndipo watu wanapoharibu. "Reading" ni mji mzima huo! Waingereza wana gridi yao ya ramani, herufi mbili na tarakimu. Katikati ya Reading ni SU7173, nao huo ni mraba wa kilomita moja kwa moja. Ukiandika tarakimu sita badala ya nne umeshuka mpaka mita mia, na ukishafika hapo mtu wa baada yako anaweza kwenda kusimama pale pale uliposimama. Simu inakutolea yenyewe, ila ihakikishe, maana wakati mwengine inakupa ulipokuwa umekaa unapoandika, si ulipomwona. Kwenye "lini" weka tarehe, na saa ukiweza. Ongeza idadi, na dume au jike kama umejua.

Pa kupeleka ni tovuti ya iRecord, bure, au ile programu ya simu iitwayo iRecord Butterflies. Jumuiya inayosimamia mambo ya vipepeo ni Butterfly Conservation, ipo tangu 1968, na wewe uko chini ya tawi lao la Upper Thames linaloshika Berkshire, Buckinghamshire na Oxfordshire. Usidhani unazungumza na mashine. Kila kaunti ina mtu wa kujitolea anayepitia rekodi moja moja, na ukimwandikia Orange-tip mwezi wa Novemba atakuuliza.

Wa ndani ya nyumba anahesabika, lakini kwenye maelezo andika "ndani ya nyumba yenye hita". Bila ya maneno hayo umempa mtu wa takwimu mzigo wa uongo.

Jina. Aliyeona ni wewe, hilo halina mjadala, huwezi kumwandikia bibi ameona na yeye kalala. Lakini mle ndani ya iRecord mna nafasi nyengine, ya aliyetambua. Nenda kamweleze: umbo, mruko, alifuata nini, alitua au hakutua. Usimtajie jina. Akikutajia yeye, basi mwandike kuwa ndiye aliyetambua. Wala si hisani hiyo, ndivyo inavyotakiwa.

Na hayo madaftari usiyachukulie kuwa ni mambo ya uzee. Mkoa huu ninaokaa mimi, pale Stratton Strawless kaskazini ya Norwich, alikuwepo bwana mmoja mwenye mashamba, Robert Marsham. Mwaka 1736 alianza kuandika dalili za majira: siku vyura walipolia, siku mbayuwayu walipofika, siku mwaloni ulipotoa majani. Dalili zake zilikuwa 27, na mojawapo ni siku alipoonekana kipepeo wa njano. Ndiye huyo huyo wako. Kizazi chake kikaendelea kuandika mpaka 1958, na mpaka leo watu wa tabianchi wanaitumia kazi ile. Kama madaftari ya bibi yana tarehe na mahali, tawi la Upper Thames watayataka, rekodi za zamani wanazipokea. Ila ongea na yeye kwanza, na watu wake. Usipige picha ukarasa hata mmoja wa mali ya mgonjwa bila ya ruhusa, kazi yako itakupotea kwa jambo la kheri.

La Afrika nitakujibu kesho inshaallah, daku inaniita mapema.


Wanjiru_Leeds, 11 Machi 2025

Naongezea tu hapo kwa Peacock. Viwavi wake, na wa Small Tortoiseshell, chakula chao ni thabai, ile ya kuwasha. Nimeiacha kichaka kimoja nyuma ya banda mahali jua linafika. Mwenye nyumba akija ananiambia huo ni uchafu, mimi namwambia hiyo ni mboga kwetu, na si uongo. Mwaka jana viwavi weusi walijaa pale mpaka majani yakabaki mishipa.


BabuWaNorwich, 11 Machi 2025

Umesema kweli, mwanangu, na jua ndilo lenyewe. Thabai iliyo kivulini hawataki kuitagia.

Haya, Afrika. Hao wawili wa binti wa Pangani ni wenyeji wa hapa hapa, hawajavuka bahari. Wa safari ni Painted Lady, Vanessa cardui, rangi ya chungwa yenye ncha nyeusi na vidoa vyeupe. Baridi ya hapa hawezi kuipitisha, kwa hiyo kila mwaka huja upya kutoka kusini, wengi mwezi wa Mei na Juni. Anayefika si yule aliyeondoka. Wanatoka Afrika, hata kusini ya Sahara, wanataga njiani, watoto wanasonga mbele, wajukuu wanasonga mbele. Zamani watu wakidhani wakifika huku ndiyo mwisho wao, wanakufa na baridi. Kumbe wakati wa kurudi hupanda juu sana, wastani wa zaidi ya mita 500, jicho halifiki. Rada ndizo zilizowafichua, habari ikatangazwa 2012. Mzunguko mzima wa kwenda na kurudi ni kama kilomita 14,500, na unachukua mpaka vizazi sita. Mwaka 2009 walikuja kwa mamilioni, mimi nikiwa bado kwenye basi. Walikuwa wanavuka barabara mbele ya kioo mpaka abiria wakasimama kutazama.

Aina hiyo hiyo ipo Afrika Mashariki pia, hata Kenya nyanda za juu. Lakini ukimwona Reading mwezi wa Juni usinitolee kauli kuwa ametoka Pangani. Hilo hakuna aliyekuthibitishia. Mkaribishe tu kama mgeni wa Afrika, inatosha.


Ngosha_Aberdeen, 12 Machi 2025

Mzee shikamoo. Nimesoma yote, nimefurahi, lakini kwa huo ukurasa wa "walioamka" naomba nikupinge kwa heshima.

Kwanza huku Aberdeen, Scotland, hao wa njano hatunao. Miti anayokula kiwavi wake, hiyo buckthorn na mwenzake alder buckthorn, haijafika huku kwa kiasi cha maana, na yeye hafuati watu, anafuata mti. Wetu wa kwanza ni Small Tortoiseshell anayetoka kwenye dari za nyumba. Orange-tip tunamsubiri hadi Aprili inaisha au Mei. Sasa ukisema wa kwanza wa haki ni Orange-tip, sisi umetufungia nje ya majira kwa mwezi mzima.

Pili, walioamka nao wana habari. Mwaka ukiwa na Februari za joto halafu barafu inarudi, wanaamka mapema, wanatumia akiba, wanakuta hakuna maua. Rekodi ya tarehe 20 Februari ndiyo itakayoonyesha hilo. Usipoiandika kwa uzito, umeipoteza.

Tatu, na hili linahusu kurasa zote mbili: tarehe ya kwanza yenyewe ni kipimo dhaifu. Nasoma takwimu, huu ndio ugomvi wangu wa kila siku. Watazamaji wakiongezeka, tarehe ya kwanza inasogea mapema hata kama vipepeo hawajabadilika, kwa sababu macho ni mengi. Vipepeo wakipungua, inasogea nyuma, kwa sababu kumpata yule mmoja wa mwanzo ni bahati. Na wamepungua: ripoti ya Butterfly Conservation ya 2022 ilisema asilimia 80 ya aina za Uingereza zimeshuka kwa wingi au kwa eneo, au kwa vyote viwili, tangu miaka ya 1970. Kwa hiyo dada yangu ukimwandika wa kwanza, usiishie hapo. Mwandike wa pili, na wa kumi, na siku uliyopita pale pale usione kitu.


BabuWaNorwich, 12 Machi 2025

Marahaba, mjukuu. La tatu nakubaliana nalo moja kwa moja, ndiyo maana mimi nina njia yangu rasmi. Kuna mpango wa kuhesabu vipepeo, UKBMS, unaendelea tangu 1976. Unachagua njia yako, unaipita kila wiki kuanzia tarehe 1 Aprili mpaka mwisho wa Septemba, wiki 26. Saa za kutembea ni kati ya saa 4:45 asubuhi na saa 9:45 alasiri. Joto lisipungue nyuzi 13 na jua liwepo; ikiwa kuna mawingu basi joto lifike 17. Unahesabu walio ndani ya mita mbili na nusu kushoto, mbili na nusu kulia, na mita tano mbele yako. Anayepita nje ya hapo, hata awe mzuri vipi, humhesabu. Hilo lilinitesa mwanzoni kuliko kufunga. Kipande changu kiko kwenye Marriott's Way, ile reli ya zamani iliyogeuzwa njia ya miguu, na zipo wiki za Aprili ninarudi na sifuri kwenye kila mstari. Sifuri ninaipeleka.

La pili umenibana kidogo, nimeelewa. Lakini sikusema wasiandikwe! Nimesema wasichanganywe. Ukichanganya aliyelala darini na aliyezaliwa leo ukachora mstari mmoja, mstari huo utakwambia nini? Wewe mwenyewe mtu wa takwimu ungenipiga fimbo.

La kwanza ni haki yenu Aberdeen. Fungueni ukurasa wenu.


Ngosha_Aberdeen, 12 Machi 2025

Kutochanganya nakubali. Fimbo nairudisha.


KaingiWaGede, 13 Machi 2025

Nawasoma kutoka Gede, Kilifi. Hapa kwetu kuna mradi wa Kipepeo tangu 1993, watu wanaoishi kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke wanafuga vipepeo na kuuza pupa, zinasafirishwa hadi nyumba za maonyesho za vioo huko Ulaya. Kwa hiyo mkimwona kipepeo wa kitropiki anaruka ndani ya kioo na nje kuna theluji, huenda jirani yangu anamjua. Tarehe na sisi tunazijali, maana pupa ikichelewa kwenye parseli inafungukia njiani na hulipwi.

Ila tarehe ya kwanza ya mwaka hatuna. Saa hii ni jua kali, wachache wanakunywa tope pale bombani. Masika ikishika na majani machanga yakitoka, subiri kidogo tu, wanajaa. Kwangu nina malimau mawili, na Papilio demodocus hutaga hapo hapo kwenye majani machanga. Mtoto mdogo wa kiwavi chake anafanana na kinyesi cha ndege, hata kuku hamgusi. Mwanangu wa darasa la nne nimempa daftari aandike mvua ya kwanza na yai la kwanza la mlimau. Nimelipata wazo humu.


MwanaPangani, 14 Machi 2025

Asanteni sana, sikutegemea haya. Babu, shikamoo na swaumu njema.

Nimefanya ulivyosema. Nilikaa naye wakati wa chai, nikamweleza bila kutaja jina. Akaanza kunihoji yeye. Kilikuwa njano ya siagi au njano ya ndimu? Kilikwenda juu juu au kwa kufuata ua? Kulikuwa na upepo? Nikamjibu. Akasema, "Brimstone, dume, na ungeangalia vizuri ungekuta kuna alder buckthorn hapo karibu." Nimemwandika: aliyeona mimi, aliyetambua yeye, gridi ya tarakimu sita. Akaniuliza nimehesabu wangapi, nikasema mmoja, akasema andika "1, dume", usiache wazi.

Wa sebuleni nimemwandika "ndani ya nyumba yenye hita, ametolewa nje". Bibi alipinga asiandikwe kabisa, anasema kwenye madaftari yake wa ndani hakuwahi kumpa nafasi. Nimemwambia kuna babu Norwich mwenye kurasa mbili. Akasema, mwambie huyo bwana nami nina kurasa mbili, ila ya pili ni ya Orange-tip peke yake.

Kuhusu madaftari, amesema atamwuliza binti yake akija. Mimi siyagusi.


BabuWaNorwich, 14 Machi 2025

Mwambie nimeinua kofia. Tungekuwa karibu ningekuja kubishana naye hapo kwenye holly blue.


MwanaPangani, 6 Aprili 2025

Nimerudi na habari, na Idi imepita salama, natumaini babu ulikula vizuri.

Rekodi ya Brimstone imekubaliwa, nimeletewa ujumbe na mhakiki, kaandika shukrani na kuuliza kama napita pale mara kwa mara. Nimemwambia kila siku ninayokuwa zamu ya mchana.

Jana njia ile ile nimemwona mweupe mwenye chungwa. Huyu hata picha imekaa, katua kwenye ua dogo jeupe lenye majani yanayonuka kitunguu saumu ukiyafikicha. Nilimpelekea bibi simu, tukakuza picha mpaka akaona rangi. Akaniamuru nifungue droo, akataka kalamu, akaandika mwenyewe tarehe, mkono unatetemeka lakini inasomeka. Gridi nimemsomea mimi. Pia binti yake amekubali: atayapeleka madaftari kwa watu wa Upper Thames wayanakili na wayarudishe.

Swali la mwisho. Nilimwona mwingine kama yeye bila chungwa. Ni jike, au ni yule wa kabichi? Na yule mmea wa kitunguu saumu unaota pia kwetu kwenye uzio wa bustani, fundi wa bustani anapanga kufyeka wiki ijayo.


BabuWaNorwich, 6 Aprili 2025

Idi ilikuwa njema, pilau la Norwich hilo, tumejitahidi.

Mtazame kwa chini, bawa la nyuma. Orange-tip, dume kwa jike, ana mabaka ya kijani kama ukungu wa ukutani. Wa kabichi hana. Ukikosa kuona chini, andika mweupe hakutambulika.

Mmea huo ni garlic mustard, na ndio anaotagia. Inama chini ya vikonyo vya maua utafute yai moja la rangi ya chungwa, dogo sana. Likiwa jipya ni jeupe, siku chache linageuka. Moja kwa mmea mmoja kwa kawaida, kwa sababu viwavi hao hulana. Ukilipata, liandike pia, mayai ni rekodi halali, uchague hatua ya "yai". Viwavi watakuwepo mpaka Juni hivi, kisha huondoka na kugeuka pupa kwenye mimea ya jirani, na hapo watakaa mpaka mwakani. Kwa hiyo fundi akifyeka wiki ijayo anafyeka vipepeo wa 2026. Muombe aache kipande, si lazima uzio mzima, na akiacha asikikate hata wakati wa baridi.


MwanaPangani, 9 Aprili 2025

Nimeongea naye, amekubali upande wa mtoni, ameweka vijiti na utepe. Upande wa maegesho atafyeka, meneja anataka pawe safi. Mayai nimepata mawili, yote upande wa mtoni, yamekwisha kuwa chungwa. Nimeyaingiza kwenye iRecord leo mchana.